Udongo Uliopimwa Agosti

Wewe unayefunga dirisha la basi ukipita nyumba zetu za Alabama, leo utasikia unachokikwepa.

Ndani ya basi hilohilo, kiti cha mbele yangu, kijana Thaddeus alikuwa akimtambia bibi asiyemjua. “Udongo wangu umefaulu kupimwa kama utanywa maji ya choo, mama! Tulichimba shimo, tukalijaza maji, yakanywewa hata soda sijamaliza. Jumatatu namwaga zege la msingi wa nyumba.”

“Mlipima lini?”

“Agosti.”

“Agosti! Kiangazi udongo wetu wa mfinyanzi una nyufa za kumeza kuku. Maji yalipotelea humo, mwanangu. Pima tena mvua zikija.”

“Usinitie nuksi, mama. Mke wangu ana mimba, na kwa mama mkwe tumechokwa.”

Bibi akatazama mapaja yake. “Nami nilipima Agosti. Mvua ikinyesha, choo changu kinafurika uani. Kanisani nasema sipendi wageni. Wajukuu hawaji.”

Thaddeus akasogea kidogo, kana kwamba bibi ananuka. Huo ndio udongo wa mfinyanzi waliotuachia matajiri wa pamba waliowatumikisha babu zetu utumwani, na aibu yake tumeibeba sisi.

Basi likasimama, Thaddeus akashuka bila kuaga.

Nawe shuka, umfuate! Mshike mkono leo, kabla hajamwaga zege.