Nozo Mdomoni

Pale Chwele, barabara inapopunguza mwendo kuwapisha ng'ombe wa mnada, kuna ubao wa mkaratusi uliolazwa juu ya mawe mawili mbele ya duka la mbegu na dawa za shamba. Kama kuna jambo la dunia hii ambalo halijatatuliwa juu ya ubao huo, basi ujue siku hiyo kahawa iliisha mapema. Anayemimina kahawa ni Fridah, mwanamke mwenye birika kubwa na maneno machache. Mwenye duka ni Waithaka, wanamwita Lebo, kwa sababu humsomea kila mteja karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ya dawa. Husoma nusu ya juu tu, maana nusu ya chini, asema, waliandika siafu. Kando yake hukaa Wanyonyi, jina la kijiweni Kamati: tangu aote ndevu hakuna matanga, barabara wala josho la ng'ombe lililoundiwa kamati yeye akakosa kiti. Na huko mwisho wa ubao, upande unaoinuka mwenzako akisimama, hukaa Wepukhulu, anayeitwa Pampu, mpiga dawa ya magugu mwenye sifa kutoka Sirisia mpaka Kitale, mtu ambaye kwa hesabu yake mwenyewe ameua nyasi nyingi kuliko zile Mungu aliumba siku ya tatu.

Ijumaa hiyo Wepukhulu alikuja na karatasi ya hospitali ndani ya mfuko wa shati, na alikuwa amekata shauri asimwonyeshe mtu. Aliionyesha kabla kikombe cha kwanza hakijapoa.

— Wamesema figo, akaanza. Ati inachuja pole pole. Nirudi Bungoma Jumatatu wapime tena damu na mkojo. Wamenipatia namba kumi na nne ya foleni.

— Jumatatu si ndiyo ya Kitale? Wanyonyi akauliza.

— Ndiyo hiyo hiyo. Ekari sitini. Kimaiyo, yule msimamizi, amenipigia jana mara tatu. Mvua imeanguka, wanataka kupanda bila kulima, nyasi ife kwanza. Nisipotokea Jumatatu anachukua mtu mwingine. Na shamba kama ile, bakoki, ukiiachilia hairudi.

Wanyonyi na Wepukhulu walitahiriwa mwaka mmoja, kwa hivyo ni bakoki, na bakoki hadanganywi. Agneta, mke wa Wepukhulu, alipoonyeshwa karatasi hiyo asubuhi alikuwa amesema neno moja tu, "Bungoma," kisha akaenda kukama. Kwa hivyo Wepukhulu hakuja kwenye ubao kuuliza afanye nini. Alikuja kutafuta watu wenye akili wamwambie aende Kitale.

— Lakini figo na nyasi zinajuana wapi? Waithaka akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye katoni kumi na mbili za dawa hiyo nyuma ya mgongo wake.

— Daktari hajasema ni dawa. Amesema hajui, ndiyo maana anapima. Aliniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia. Akauliza kama dawa inaingiaga mdomoni. Nikamwonyesha.

Alichomwonyesha daktari ni kitu ambacho wapiga dawa wa upande huo hukifanya bila kufikiri, kama mtu anavyojikuna. Nozo, ile pua ndogo ya pampu inayotawanya dawa, ikizibwa na uchafu, unaifungua, unaiweka katikati ya midomo, unapuliza pfff mpaka tundu lipite, unatema mate, unaendelea na mstari. Mara kumi kwa siku. Mara ishirini kama maji yametoka mtoni. Wepukhulu alikuwa amepuliza hivyo kwa miaka kumi na tisa, na alijivunia kwamba kwa ladha peke yake, macho yamefungwa, angeweza kukuambia ni dawa ya kampuni gani na kama mwenye shamba ameichanganya kwa ubahili.

— Sasa daktari akasemaje?

— Alishika kichwa, bana. Kichwa yake, si yangu. Halafu akaniita dada mmoja wa mambo ya vipimo anieleze vile hii hatari hupimwa. Anaitwa Linet. Dada msomi, lakini anaongea na mtu vizuri. Akasema sumu ya siku moja ni rahisi kujua, mtu anakunywa, anaanguka, mnamwona. Ngumu ni ile ya kidogo kidogo. Hiyo wanachukua panya, wanamlisha hiyo dawa kidogo kila siku, miaka mbili.

— Miaka mbili analishwa? Wanyonyi akasema. Kuna watu hapa hawajalishwa wiki mbili.

— Ngoja nimalize. Kuna panya wa kulishwa kidogo, kuna wa kulishwa sana. Wanatafuta kile kipimo kikubwa kabisa chenye panya anakula na hakuna kitu inaonekana kwake. Hicho kipimo wanagawanya kwa kumi, kwa sababu mtu si panya. Halafu wanagawanya tena kwa kumi, kwa sababu watu hawafanani. Kenye inabaki, ndiyo mtu anaweza kula kila siku mpaka siku yake ya kufa.

— Kwa hivyo wametuwekea nafasi mara mia! Waithaka akapiga goti. Si umeona? Mara mia! Wewe uko salama kuliko panya.

Wepukhulu alihisi kifua kikimfunguka kidogo. Hiyo ndiyo sauti aliyoijia.

— Hata mimi niliona hivyo, akasema. Lakini dada akasema hiyo ni ya mtu anakula mahindi yenye dawa imebaki kidogo, ama anakunywa maji. Hawakupigia hesabu mtu anaweka nozo kwa mdomo.

— Hapo ndipo wamekosea, akasema Wanyonyi, na akajivuta mbele kama mtu anayefungua kikao. Hesabu yote imeharibikia kwa panya. Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo. Kama shimo imewashinda, wataweza aje kuleta majibu ya figo? Na tena ni panya wa ng'ambo. Amezaliwa ndani ya sanduku, hajawahi kuonja ugali. Wewe tumbo yako imepigwa plasta na ugali miaka arobaini na nne. Dawa ikiingia inateleza tu, inatoka.

— Ugali tu? akasema Waithaka. Dawa ya moto ni moto. Mtu akionja sumu kidogo kila siku, mwili unasomea. Kama chanjo. Huyu Pampu leo hii hata akiumwa na nyoka, nyoka ndiye atapelekwa hospitali.

— Mambo ya nyoka sijui, akasema Wepukhulu, ambaye sasa alikuwa amesahau figo na kukumbuka sifa. Lakini mbu najua. Mbu akiniuma hapigi hatua tatu. Naona kwa macho yangu anapanda juu hivi, anageuka njano kutoka kwa miguu, kama nyasi siku ya nne, halafu pu! Agneta hajanunua neti tangu tuoane.

— Mbu hana hatua, akasema Fridah, akimimina.

— Nimesema mfano.

— Lebo, hebu chupa yenyewe inasemaje? Wanyonyi akauliza.

Waithaka aliingia dukani, akatoka na chupa ya lita moja, akasoma kwa sauti ya mhubiri:

— Inaua nyasi zote, za majani membamba na za majani mapana. Hapa chini kuna alama ya samaki. Hatari kwa samaki. Pampu, wewe ni samaki?

— Mimi ni wa Chwele.

— Basi. Wewe si nyasi, wewe si samaki. Sumu inataka anwani. Haijaandikiwa wewe.

— Na hizi siafu za chini? Fridah akauliza.

— Hizo ni za kampuni na serikali yao.

Fridah aliweka birika chini, akaichukua chupa, akaishika mbali na macho yake kama wafanyavyo watu waliopita arobaini na tano bila kununua miwani. Midomo yake ilisogea kwa muda.

— Imeandikwa "usipulize nozo kwa mdomo," akasema, akamrudishia.

Wanyonyi hajawahi kuruhusu kikao kife.

— Hiyo wameandika kwa sababu ya mate, akasema. Mate yanaharibu nozo.

— Kabisa, akasema Waithaka. Spea ni ghali.

— Haba na haba hujaza kibaba, akaendelea Wanyonyi. Maana yake, bakoki, kitu kidogo kidogo hakidhuru mtu, kinamjenga. Hata kamati ya josho tulianza watu watatu.

— Haba na haba hujaza kibaba, Fridah akarudia. Na kibaba ni nani hapo?

Wepukhulu alitazama kikombe chake. Kulikuwa na ladha fulani mdomoni mwake ambayo asubuhi haikuondoka hata akisukutua, ladha kama ya shilingi ya zamani. Alikuwa ameizoea kiasi kwamba aliiita mate. Aliinywea kahawa.

— Mimi nasema hivi, Waithaka akainua sauti. Kuna mzee mmoja wa Sirisia, jina nimesahau, alikuwa anakoroga dawa kwa mkono, mkono mtupu, mpaka kwa kiwiko. Huo mkono haukuwahi kuzeeka. Mwili wote ulikunjamana, mkono ukabaki wa kijana. Walimzika hivyo. Na kaburi lake mpaka leo halioti magugu.

— Hiyo kaburi nimeiona, akasema Wanyonyi, ambaye hakuwa ameiona. Watu wanaenda kuchukua mchanga wanamwaga kwa viazi.

— Basi nimemaliza, akasema Wepukhulu, akakunja karatasi. Jumatatu Kitale. Bungoma nitaenda wiki ingine. Foleni haihami.

Aliisema kwa sauti kubwa ili aisikie mwenyewe. Hapo ndipo bodaboda iliposimama mbele ya ubao ikamshusha mama mmoja aliyefunga kitambaa cha kijani kichwani, viatu vyake vikiwa na udongo mwekundu wa juu mlimani. Aliwasalimu wote kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, kama watu wa Elgon wafanyavyo.

— Naitwa Cherono. Nimetoka huko juu kwa kahawa. Nimeambiwa hapa ndiyo mahali pa kuuliza mpiga dawa.

— Umefika, mama! Wanyonyi akasema. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Fridah, mpatie kikombe. Mpiga dawa wako ndiye huyu, wa kwanza katika kaunti.

Cherono alimtazama Wepukhulu kwa heshima, akatikisa kichwa.

— Samahani, baba. Sitaki kijana. Vijana nimejaribu watatu. Wanakimbia, upepo ukivuma hawangoji, wameniunguzia miche ya kahawa mistari saba. Mimi nataka mzee. Mwenye amefanya hii kazi mpaka akawa na mvi, akatulia. Hata kama anatembea na fimbo, nitamlipia gari mpaka juu. Yuko wapi?

— Mzee wa kupiga dawa, akasema Waithaka. Hao wako.

— Nani?

— Si kuna Wabwile, Wanyonyi akasema upesi.

— Wabwile aliacha, akasema Wepukhulu. Alienda kwa binti yake Lugari.

— Alizeeka? Cherono akauliza.

— Hapana. Alikuwa ananitangulia miaka miwili. Alikuwa tu amechoka. Alikuwa anachoka.

— Basi Nakhungu, akasema Waithaka.

— Nakhungu tulimzika, akasema Fridah.

— Aliugua nini? Cherono akauliza.

— Walisema presha. Wengine wakasema amelogwa. Hakuna mtu alipima.

— Yule wa karibu na soko, mrefu? Wanyonyi akauliza.

— Huyo alienda kuchoma matofali. Sijui yuko aje.

Walihesabu kwa vidole. Wanyonyi, anayejua kila matanga kutoka Chwele mpaka mto, alihesabu upande wa matanga. Waithaka, anayejua kila aliyewahi kununua nozo, alihesabu upande wa duka. Kila jina lilikuwa na sababu yake nzuri. Mmoja alikufa kwa pikipiki, na hiyo haina ubishi. Mmoja alihama. Mmoja aliokoka akaacha kazi zote. Wanne hawakujulikana walikokwenda, maana mpiga dawa hana chama, akikosa kuja msimu mmoja mwenye shamba humwita mwingine. Vidole viliisha, na mwenye mvi hakupatikana.

— Lakini wa kulima kwa jembe wako, Cherono akasema, akishangaa. Huko kwetu kuna mzee wa miaka themanini na bado anashika jembe. Sasa wa dawa, katika Chwele nzima, mkubwa wao kabisa ni nani?

Wanyonyi alianza kuhesabu vidole upya. Waithaka aligeuza chupa ili maandishi yatazame ndani ya duka. Fridah peke yake ndiye aliyemtazama Wepukhulu, na Wepukhulu akajikuta amepeleka mkono kichwani, kwenye nywele zake, zote nyeusi.

— Una miaka ngapi, baba? Cherono akamuuliza.

— Arobaini na nne.

— Ah, akasema mama yule bila ubaya wowote. Wewe bado kijana. Nimesema mzee.

Alimaliza kahawa yake, akashukuru, akapanda bodaboda kwenda kuuliza Kimilili.

Ubao ulibaki na wanaume watatu, na Fridah na birika lake. Wanyonyi alianza kusema kwamba huenda wazee wa dawa hujificha, kwa sababu ya unyenyekevu, lakini sentensi yenyewe haikufika mwisho. Simu ya Wepukhulu ililia. Ilikuwa ya Kitale. Aliiacha ilie mara nne, kisha akaipokea, na kwa sababu Kimaiyo huongea kama mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde, kijiwe kizima kilisikia pande zote mbili.

— Pampu! Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, si ndiyo?

— Jumatatu sitaweza, bosi. Niko Bungoma, kwa foleni.

— Foleni ya nini? Nyasi iko kwa magoti! Kwani umezeeka?

— Bado, akasema Wepukhulu. Ndiyo nataka nizeeke.