Mzee Elkanah Obura, Baba wa Watoto Watatu

Ndugu, jamaa na marafiki mliokusanyika hapa sebuleni kwa Bwana Gilbert, mtaa wa Al-Suwaidi, Riyadh, leo Ijumaa tarehe 22 Novemba 2019, kwa niaba ya familia ninawakaribisha, na ninaomba tuimbe kwa sauti ya chini kama tulivyozoea, maana kuta hizi ni nyembamba. Mimi ni Titus, mwana wa marehemu, na ninasoma historia hii kabla mwili wa Baba haujasafirishwa kesho hadi Kisumu, na kutoka hapo kwenda nyumbani Siaya.

Marehemu Mzee Elkanah Obura alizaliwa tarehe 14 Machi 1940 karibu na Yala, akiwa mtoto wa nne wa marehemu Mzee Jackton Obura na marehemu Mama Selipher, mfinyanzi wa vyungu. Alianza shule ya misheni mwaka 1948, akamaliza sekondari mwaka 1960, na kwa kuwa hesabu zilikuwa zikimtii, Septemba 1961 alipanda ndege iliyojaa wanafunzi wenzake kwenda Marekani. Enzi hizo Marekani na Urusi zilikuwa zikigombania vijana wetu kama wajomba wawili wanaogombania mpwa mmoja, na Baba alipenda kusema kwamba alienda Detroit wala si Moscow kwa sababu tu barua ya Detroit ilitangulia kufika.

Alisoma mchana, jioni akafua mashuka ya hospitali, na Juni 1966 akahitimu uhandisi wa simu. Huko ndiko alikompenda Carol, mwalimu wa watoto wadogo, binti mweusi wa Detroit mwenye gari kuukuu la kijani na ulimi mkali. Jumapili ya tarehe 23 Julai 1967 mtaa wao ulipowaka moto na baadaye wanajeshi wakaingia na vifaru, wao walilala siku kadhaa chini ya meza ya jikoni, Aprili 1968 kiongozi wa watu weusi aliyehubiri amani alipopigwa risasi wakalia pamoja, na mwaka uliofuata kaka yake Carol akarudishwa kutoka Vietnam ndani ya sanduku. Tarehe 15 Oktoba 1969 walitoka pamoja na maelfu ya watu kuipinga vita hiyo, Carol akiendesha lile gari na Baba akitoa bango dirishani, na mtu akawapiga picha. Baba akaitwa na maofisa wa uhamiaji, akaulizwa kama yeye ni mkomunisti, akajibu kwamba yeye ni Mwanglikana, jibu ambalo halikumsaidia, kwani kibali chake hakikuongezwa, na tarehe 11 Desemba 1969 akaondoka. Carol alikuwa amfuate, lakini mama yake alikuwa amebaki na mtoto mmoja tu, hakuweza kumwacha peke yake, na barua zikapungua hadi zikakoma mwaka 1972. Kuna jambo moja la Detroit ambalo sijalisoma, nitalifikia.

Alifanya kazi Nairobi tangu 1970, na Machi 1979 akaja Jeddah kwa mkataba wa kufunga mitambo ya simu, akaishi mtaa wa Ruwais hadi mwaka 1991 alipohamishiwa hapa Riyadh, akastaafu mwaka 2005 na kurudi nyumbani Siaya. Mafundi wenzake wanakumbuka kwamba kila laini mpya ya ng'ambo ilipokamilika, wengine walijaribu kwa kupiga makwao, lakini Baba alipiga namba moja tu ya Detroit, akasikiliza mpaka mwisho ile sauti ya mashine ikisema namba hiyo haitumiki, kisha akasema, "Halas, basi, laini ni nzima," akatia sahihi. Walidhani ni mazoea ya fundi.

Alifunga ndoa na marehemu Mama Zipporah tarehe 18 Agosti 1973 huko Siaya, wakapendana na kuheshimiana miaka thelathini na mitano, mpaka Mungu alipomchukua Mama tarehe 6 Mei 2009. Nyumba ikawa kubwa mno kwa mtu mmoja, na Novemba 2017 Baba akaja kukaa nami hapa.

Tarehe 24 Juni 2018, siku wanawake wa nchi hii walipoanza kuendesha magari, aliniomba nimtoe nje akaone. Tulisimama kwenye taa, na kando yetu akasimama mama mmoja, mkono kwenye usukani, akimgombeza mumewe aliyekaa pembeni, na Baba akatazama, akatabasamu, halafu akalia machozi ambayo sikuwahi kuyaona hata Mama alipofariki. Nilipoegesha gari aliniambia, "Titus, nina mtoto Detroit. Nilimwacha ana miezi kumi na moja. Nitafutie, nijue tu kama alikua." Alimpa jina la mama yake, Selipher.

Nilimwambia nitamtafuta, na sikumtafuta. Wazee mnisamehe, mambo haya hayasomwi katika historia ya marehemu, lakini nisipoyasoma nitakuwa nimesoma historia ya mtu mwingine. Nilikuwa na miaka arobaini na minne, maisha yangu yote nimeitwa kifungua mimba, nimekalia kiti cha mtoto wa kwanza katika kila kikao cha ukoo wetu, na wivu ulinishika kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Kila Ijumaa aliniuliza, na kila Ijumaa nilimjibu, mafi, hakuna, Baba, bado, naye akasema haidhuru, Marekani ni kubwa.

Agosti 2019 figo zake zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Mwishoni mwa Septemba, nchi hii ilipowafungulia watalii milango, alikata habari hiyo gazetini, akapiga mstari chini ya neno Marekani, akaniwekea kikaratasi hicho kando ya sahani yangu. Kesho yake nikamtafuta dada yangu, na nikampata kwa alasiri moja tu. Ni mwalimu kama mama yake, ambaye alifariki mwaka 2014. Tarehe 4 Oktoba Baba alizungumza naye kwa simu, na yeye aliyeunganisha simu za miji mizima akamuuliza tu kama amekula. Baada ya hapo walizungumza kila siku, na shule ilipompa ruhusa akakata tiketi ya kufika hapa tarehe 21 Novemba. Baba alifariki tarehe 19, saa kumi alasiri. Mimi nilimnyima miezi kumi na tano, naye Baba alipungukiwa na siku mbili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, kafili wangu, yaani mdhamini wangu wa kazi, aliyeshughulikia karatasi bila kuchoka, majirani wa Al-Suwaidi waliotuletea wali na chai, mafundi wenzake waliosafiri kutoka Jeddah, na ndugu Omondi, aliyempokea mgeni wetu uwanja wa ndege, na ambaye sasa hivi anamtafsiria haya yote sikioni. Omondi, usimpunguzie hata neno moja.

Marehemu ameacha watoto watatu na wajukuu saba. Wa kwanza ni Selipher, aliyezaliwa Detroit tarehe 9 Januari 1969, aliyeketi pale karibu na mlango kana kwamba ameazima kiti. Wa pili ni mimi, Titus, niliyezaliwa Siaya mwaka 1974. Wa tatu ni Dalmas, aliyezaliwa Jeddah mwaka 1982, anayetungoja nyumbani. Dada, siombi unisamehe leo, ninaomba usogee mbele, maana kesho tunasafiri pamoja na Baba, na kwetu kaburini watoto hutupa udongo kwa kufuatana walivyozaliwa, na Dalmas na mimi tutasimama nyuma yako mpaka utakapotupa wako.

Lala, Baba. Alikua.