Lengo Linalopimika

Macho hayana pazia, na masikio vilevile, kwa hiyo fundi cherehani aliyekaa nyuma ya abiria wawili basini alisikia yote waliyosema. Mama mmoja alikuwa amempakata bintiye, na mwashi aliyekaa naye, wasiojuana, alikuwa akimsaidia kujaza fomu ya hospitali.

"Lengo la matibabu," mwashi akasoma. "Andika apone, dada."

"Niliandika, daktari akakata. Kasema ugonjwa karithi kwetu wazazi, mwili wake haumudu nyama wala maharage, na hauponi. Anataka lengo linalopimika."

"Kama haponi, dawa za nini?"

"Asizidiwe."

"Basi andika asizidiwe."

"Nalo kalikata. Ati asizidiwe kiasi gani?"

Mwashi akakuna kichwa. Fundi, aliyepima viuno vya mtaa mzima, akajikuta naye anakuna kichwa.

"Andika nipande ngazi za shule mwenyewe," mtoto akasema, macho kayafumba.

"Ngazi ngapi?" mwashi akauliza, kalamu tayari.

Basi likasimama kituo cha fundi. Akashuka polepole, makusudi, asikie jibu.

"Sijui," mtoto akasema. "Nikibebwa huwa nafumba macho."