Mnyororo Nilioufunga Juu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na mdomo huu wangu uliosema uongo. Lakini nawaomba, Amina zenu zishikeni kwanza. Mtazitoa mwisho, mkiona zinafaa.

Mimi ni Yohana, dereva wa trekta. Wengi hapa Bahati mnanijua. Mnajua nimefanya kazi miaka mingi katika shamba la yule Bwana wa ng'ambo ya mto, kule tunakokokota magogo ya mierezi kutoka msituni mpaka kwenye mashine ya mbao. Wengine mlinisikia nikipita na gogo nyuma yangu, naimba nyimbo za kilabuni, mkasema, huyo mlevi wa trekta huyo. Hamkukosea. Nilikunywa busaa kabla ya chai. Chupa yangu ilikaa chini ya kiti, imezibwa kwa gunzi la mahindi, na kila mlima nilioupanda niliipa heshima yake.

Tena nilikuwa mtu wa sifa, ndugu zangu. Nilijiona mimi ndiye fundi wa kukokota. Nyuma ya trekta kuna chuma cha chini, kimewekwa karibu na ardhi, na hapo ndipo mzigo unapofungwa. Yeyote aliyefundishwa kuendesha aliambiwa hivyo siku ya kwanza. Lakini wakati wa mvua gogo lililofungwa chini linachomeka pua kwenye matope na kukwama. Kwa hiyo mimi nilikuwa nafunga mnyororo juu, kwenye ekseli, juu kabisa chini ya kiti, ili gogo liinuke kichwa. Linakuja vizuri! Wenzangu wakaona, wakaiga. Nyapara akaona magogo yanafika mapema, akanyamaza. Hakuna aliyeuliza gogo likikataa kuinuka, ni nini kitakachoinuka badala yake.

Jirani yangu alikuwa Zakaria. Kibanda chake na changu viligusana ukuta. Naye zamani alikuwa mlevi, mbaya kunishinda mimi, mpaka mkewe Rebeka alikuwa akimtafuta mitaroni na taa. Kisha Zakaria akaokoka. Alisimama hapa hapa, kwenye ubao huu ninaoukanyaga, akaapa mbele yenu kwamba pombe haitapita mdomoni mwake mpaka anazikwa. Nilimcheka. Nilimpa mwezi mmoja tu. Ukapita mwaka, ukapita wa pili, Zakaria yuko vile vile, anatoka kazini anakwenda kwa watoto wake wawili.

Sasa sikilizeni. Ilikuwa masika, asubuhi. Gogo langu lilikwama kwenye mteremko karibu na kijito. Nilivuta, nikavuta, magurudumu yakachimba mashimo. Wenzetu walikuwa wametangulia kwenye mashine, aliyebaki nyuma ni Zakaria peke yake. Nikamwita anisaidie, kwa maana mguu wake kwenye klachi ulikuwa mpole kuliko wangu, na wangu siku hiyo ulikuwa umeshalewa.

Zakaria akaja, akazunguka nyuma, akatazama. Akaniambia, "Yohana, shusha huu mnyororo. Funga chini, halafu tuchimbe mbele ya gogo kidogo."

Nikamjibu, "Wewe tangu uokoke umekuwa mwoga kama kunguru! Panda, mvua inakuja."

Ole wangu! Angekasirika, ningepona. Angenitukana, akaenda zake, angekuwa hai. Yeye alicheka tu, akapanda. Akaachia klachi polepole, mnyororo ukakaza, gogo likakataa. Alitaka kuacha. Nilimwona anageuka kunitazama. Mimi ndiye niliyepiga kelele, "Ongeza moto! Ongeza!" Naye akanisikiliza.

Ndugu zangu, trekta halikuonya. Magurudumu ya nyuma yalishika jiwe, gogo likagoma, na nguvu yote ikakosa pa kwenda. Magurudumu ya mbele yakaondoka ardhini. Nilidhani yatarudi. Kufumba na kufumbua trekta limesimama wima, limeanguka nyuma, na usukani uko juu ya kifua cha Zakaria. Nilimwita mara mbili. Hakuitika.

Mngedhani nililia. Sikulia. Kitu cha kwanza nilichofikiria ni mnyororo. Niliona Bwana wa shamba atakuja, ataona umefungwa juu, atauliza ni nani aliyefunga. Nikalala kifudifudi, nikaingiza mkono chini ya chuma kilichokuwa bado moto, karibu na mkono wake yeye, nikaufungua. Nikaushikiza kwenye kile chuma cha chini. Na hapo shetani akaniambia bado. Nikatoa chupa yangu, ambayo nilikuwa nimeshuka nayo kitini, nikavuta gunzi, nikammwagia Zakaria busaa kwenye shati. Nikamwagia mtu aliyekuwa hajaionja miaka miwili!

Bwana alipofika nilisema, "Alikuwa amelewa, Bwana. Nilimkataza." Akainama, akanusa, akatikisa kichwa. Askari wakaandika hivyo.

Mnakumbuka maziko yake. Desturi yetu mnaijua: aliyeokoka anasindikizwa kwa nyimbo kutoka mlangoni mpaka kaburini, hata mvua ikinyesha. Zakaria hamkumwimbia. Mlisema amerudi nyuma, ameapa mbele ya Mungu akamdanganya, hatuwezi kumwimbia. Alibebwa kimya mpaka chini ya miti, yalisikika majembe tu. Nami nilikuwa mmoja wa waliobeba. Rebeka hakumwaga hata chozi. Alikuwa na aibu. Wiki ile ile akaambiwa aondoke shambani, kwa maana kibanda ni cha mfanyakazi, na mfanyakazi hayupo.

Mimi nilibaki na kazi yangu. Na mnajua nilifanya nini? Niliendelea kufunga juu! Wenzangu waliogopa, wakaanza kufunga chini. Mimi niliogopa kuacha. Ningeacha, watu wangeuliza, kwa nini Yohana ameacha? Kila asubuhi kabla ya kupanda kile kiti nilikunywa, nikafunga juu. Hayo ndiyo maisha niliyoishi miaka mitatu. Msinihurumie.

Mpaka masika haya. Gogo kubwa, mahali karibu na pale pale. Niliachia klachi kwa hasira, na nikaona boneti inapanda mbele ya macho yangu. Ikaficha miti. Ikaficha mlima. Nikaona mawingu tu, ndugu zangu! Nikajua, sasa ni zamu yangu. Na neno lililonitoka halikuwa sala. Nilipiga kelele, "Zakaria!" Mguu wangu wa kushoto ukaanguka kwenye klachi. Siwezi kuwaambia niliukanyaga mimi. Ulikuwa kama mguu wa mtu mwingine. Trekta likatulia hewani, likafikiri, likarudi chini kwa kishindo, meno yangu yakagongana.

Nilishuka. Nikachukua chupa nikaivunja kwenye jiwe. Kisha nikafungua mnyororo juu, nikaufunga chini. Nikachukua jembe, nikachimba mbele ya gogo kama vile Zakaria alivyoniambia. Nikapanda, nikakaza mnyororo taratibu mpaka ukanyooka, nikaongeza moto kidogo kidogo. Gogo likaja, ndugu zangu. Lilikuja kama ng'ombe mpole. Kilichotakiwa ni jembe na muda kidogo! Hapo ndipo nililia, nikalia mpaka nyapara akadhani nimeumia. Nikamwambia Yesu, nimeua mtu kisha nikamwua tena, kama una nafasi ya mtu kama mimi, nichukue.

Siku ya pili nilikwenda kwa Bwana wa shamba, nikamwambia yote. Alinifukuza kazi palepale, akanipeleka yeye mwenyewe kwa askari. Nimeandikisha maneno yangu upya. Wamesema wataniita, na wakiniita nitakwenda. Hilo haliniogopeshi kama safari iliyofuata.

Nilimkuta Rebeka kwa dada yake, huku upande wa juu, anapukuchua mahindi ya watu. Nilipiga magoti kwenye mavumbi. Nilipomaliza hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu, "Alikuwa amekunywa?"

Nikasema, "Hapana, mama. Pombe ilikuwa yangu."

Aliacha mahindi yakaanguka. Akasema, "Miaka mitatu najiuliza alikuwa anaficha wapi chupa. Nimewaambia watoto baba yao alikuwa mwongo." Basi ndipo akalia, yale machozi ya maziko, yametoka sasa. Nikaanza kulia naye, akanikatiza. Akasema, "Usinililie hapa, Yohana. Ulimchafua mbele ya watu. Nenda ukamsafishe mbele ya watu, wale wale." Nikaomba mkono wake. Hakunipa.

Ndiyo maana nimesimama, ndugu zangu. Rebeka yuko hapa, amekaa kule upande wa akina mama, na watoto wake wote wawili. Wanangu, nisikieni. Baba yenu hakurudi nyuma. Alikufa mdomo wake ukiwa safi, akimsaidia mtu asiyestahili. Aliniambia nifunge chini, nikamcheka. Mwongo ni mimi.

Bwana Yesu amenitoa, nashukuru. Kanitoa kwenye chupa, kanitoa kwenye hofu, kanirudisha chini trekta lilipokuwa limeshainuka. Wewe uliyekaa hapo na jambo lako umelifunika, usingoje trekta lako lisimame wima. Njoo kwa Yesu leo. Utapoteza kazi, pengine utapoteza marafiki, mimi nimepoteza. Lakini usiku nalala.

Na nyinyi wenzangu mnaokokota, fungeni chini. Gogo likikataa, shukeni mchimbe. Mtu akiwaambia ongeza moto, zimeni.

Jambo la mwisho. Nyapara ameturuhusu kuingia shambani leo. Kaburi liko pale chini ya miti, nimelipalilia jana. Zakaria anatudai nyimbo za kutoka mlangoni mpaka kaburini, na mlango ni huu wa kanisa. Rebeka atatangulia na watoto. Mimi nitakaa nyuma kabisa. Amina zenu sasa mnaweza kuzitoa, lakini mwimbieni yeye kwanza.

Mama Rebeka, tuanzishie wimbo.