Hatua Kumi na Moja za Bi Bahasha

Leo Ijumaa, tarehe 30 Juni, saa kumi alasiri, tunamuaga ukumbini Bi Bahasha, anayestaafu baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya kazi, karibu yote ya kuitunza Tuzo ya Mwigizaji Kinara wa Kike, ile inayotolewa kila mwaka kwa mwanamke aliyeibeba tamthilia ya televisheni mgongoni mwake. Jina lake halisi limo kwenye faili la utumishi, na nadhani hata faili lenyewe limeshalisahau. Mimi ni msaidizi wake wa miaka tisa na mwandishi wa jarida hili la studio yetu. Kuanzia Jumatatu nitakalia kigoda chake. Niseme mapema kwamba naandika nikiwa na hofu, na mkifika mwisho mtajua kwa nini.

Alianza kazi akiwa karani wa kupiga chapa, mwaka uleule tuzo ilipozaliwa. Kabla ya hapo palikuwa na tuzo moja tu ya uigizaji, na kwa miaka minne mfululizo ilichukuliwa na wanaume. Mmoja wao alikufa katika sehemu ya tatu ya tamthilia na bado akashinda. Wanawake wa studio wakasema basi, sasa hata maiti inatushinda. Wakaandika barua, Bi Bahasha akaipiga chapa, na miezi sita baadaye tuzo ya wanawake ikatangazwa.

Sherehe ya kwanza ilifanyika kwenye chumba cha chakula cha studio. Wagombea walikuwa wawili, meza za plastiki, na sanamu ya mbao iliyochongwa na seremala wetu wa jukwaa: mwanamke aliyeinua kioo. Mshindi alipoikumbatia kwa furaha, shingo ilikatika. Tangu mwaka wa pili sanamu ni ya shaba, na seremala alinuna miezi miwili.

Kisha likaja suala la nani kinara na nani msindikizaji. Kila mwigizaji aliyewahi kupita mbele ya kamera na ndoo kichwani alijiona kinara. Bi Bahasha alibeba saa ya ukutani hadi nyumbani, akaiweka juu ya televisheni, akahesabu dakika za kila mgombea, msimu mzima. Hapo ndipo ilipotoka kanuni tunayoitumia mpaka leo, kwamba kinara ni yule anayeonekana angalau theluthi moja ya tamthilia. Mumewe, fundi redio, husema mwaka ule alikula chakula baridi kila siku na mpaka leo anazijua dakika za wote.

Mwaka wa kumi na mbili jaji mmoja kati ya saba aliugua, sita waliobaki wakagawanyika tatu kwa tatu. Washindi wakawa wawili, sanamu moja. Bi Bahasha akaamua kila mmoja akae nayo miezi sita. Hadi leo wanakabidhiana saluni, kila Januari na kila Julai, na kila mmoja humlalamikia mwenzake kwamba hajui kung'arisha shaba.

Siwezi kuwataja wote, ila yuko mmoja nisiyeweza kumruka. Sote tulimwita Mkunga, kwa sababu aliigiza mkunga kwa miaka minane, na aliigiza hasa. Wanawake wajawazito walimsimamisha barabarani wakimwomba awaguse tumbo awaambie mtoto amekaaje. Mara moja aliambiwa aingie kwenye teksi aende hospitali haraka, na akaingia, kwa sababu alishindwa kumwambia baba mwenye mtoto kwamba yeye ni mwigizaji tu. Aliteuliwa mara tano na hakushinda hata mara moja. Ndivyo linavyosema daftari la washindi.

Sasa niseme juu ya woga wa Bi Bahasha, maana nao ni maarufu kuliko yeye. Alijua kuogopa kama wengine wanavyojua kupika. Majaji wakishapiga kura, yeye huandika jina la mshindi kwenye kadi mbili kwa mkono wake. Moja huingia kwenye bahasha, ya pili hukaa kifuani, ndani ya gauni. Ufunguo wa kabati la bahasha huuvaa shingoni. Siku ya sherehe hukaa kwenye kigoda nyuma ya pazia la kushoto, akiwa na viatu vya raba chini ya gauni la sherehe, jambo lililowachekesha sana watu wa mavazi.

Viatu vile vilikuwa na kazi. Kanuni ya kumi na mbili, aliyoiandika mwenyewe, inasema kwamba jina litakalosomwa likitofautiana na lililo kwenye kadi, mtunza kadi atatoka hapohapo na kulisahihisha mbele ya watu. Kutoka kigodani hadi kwenye kipaza sauti ni hatua kumi na moja. Alizipima kila mwaka, asubuhi, ukumbi ukiwa mtupu. Tulipomtania alijibu kwa methali yake moja, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, nasi tukacheka na kuendelea kupanga viti.

Utani mwingine ulikuwa wa penseli. Daftari la washindi lote limeandikwa kwa wino mweusi, kwa mwandiko wake ulionyooka, isipokuwa mstari wa mwaka wa kumi na tisa, ambao ni wa penseli. Kila aliyeuliza aliambiwa kalamu iliishiwa wino. Ikawa ni msemo wetu hapa ofisini: mtu akichelewa kazini tunamwambia kalamu imemwishia.

Mwezi Machi alianza kunikabidhi kazi. Tulikaa ofisini kwake, chumba kile chenye kabati la chuma na dirisha linalotazama ukuta wa studio, nikimsomea daftari mstari kwa mstari huku yeye akiitikia kwa kichwa. Nilipofika wa kumi na tisa nikamtania, na huyu je, kalamu iliishiwa? Hakucheka. Aliinuka akafunga mlango, akavuta droo ya chini, akatoa kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na kadi moja iliyokunjika kona, mwandiko wake, wino mweusi. Akaniambia nisome. Jina lilikuwa la Mkunga, na silo lililo kwenye daftari.

Haya ndiyo aliyonieleza, naye ameniomba niyaandike yote.

Asubuhi ya sherehe ya kumi na tisa, miaka kumi na minne iliyopita, wanaume wawili waliovaa suti nzuri walimkuta kwenye ujia wa studio. Walimsalimia kwa adabu, shikamoo mama, wakauliza kama bahasha ya wanawake inaweza kuonwa, kidogo tu. Akasema haiwezekani. Hawakubishana naye. Mmoja akamuuliza habari za nyumbani, kisha akasema taratibu, "Na yule binti yako anayesoma pale karibu na soko, mwenye sweta la bluu? Mwambie asome kwa bidii, mama." Wakaaga, wakaondoka. Binti alikuwa na miaka kumi na mitatu, na lile sweta alikuwa amenunuliwa juzi yake tu.

Mgeni rasmi wa siku ile alikuwa mkubwa wa wakubwa, na mmoja wa wagombea watatu alikuwa shemeji yake. Aliyepewa kazi ya kumtangaza mshindi alikuwa mchekeshaji tuliyempenda sote. Alifungua bahasha, akaitazama kadi kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue hakufanya mzaha wowote. Akasoma jina la shemeji. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Bi Bahasha alisimama. Kadi ya pili ilikuwa kifuani, viatu miguuni, kanuni kichwani. Akapiga hatua ya kwanza, ya pili, na ya tatu, mkono ukalifikia pazia. Hapo, anasema, aliliona sweta la bluu kama lililoanikwa mbele yake. Miguu ikakataa. Alirudi akakaa kigodani, akawasikia watu wakishangilia mpaka mwisho, na kesho yake asubuhi akachukua penseli, kwa sababu mkono ulikataa kuliweka jina lile kwa wino.

Mchekeshaji alifariki miaka michache baadaye. Hawakuwahi kulizungumza jambo hilo, ila kila walipopishana kwenye ujia yeye mchekeshaji ndiye aliyeinamisha macho. Mkunga alikaa msimu mmoja zaidi kisha akaacha uigizaji, akafungua duka la kushona nguo. Bi Bahasha amekuwa akishonesha magauni yake yote huko, na anasema kila akipimwa kifua jasho humtoka, kana kwamba kadi bado iko pale. Siku moja Mkunga, pini zikiwa mdomoni, alimwambia, "Siku ile, dada, nilijua nimechuja. Nikaona nisijidanganye." Bi Bahasha alirudi nyumbani akakaa siku mbili bila kula, na mumewe akadhani ni malaria.

Sisi tulicheka kwa miaka yote hiyo, kumbe kicheko cha mwoga kwake hakikufika.

Aliposema anataka kulisahihisha, nilimuuliza kwa nini asiache tu. Amebakiza miezi mitatu, aage, apumzike. Akanijibu, "Kigoda nitakuachia, mwanangu, lakini hii penseli sitakuachia." Baada ya hapo alimpigia simu binti yake, ambaye sasa ni muuguzi na mama wa watoto wawili, akamweleza jambo ambalo hakuwahi kumweleza. Binti akasema, "Mama, lile sweta lilishanibana zamani. Nenda ukasome."

Wiki mbili zilizopita alikwenda pia kwa yule shemeji, tukaenda wote. Alitupokea vizuri, akatupa chai, akasikiliza hadi mwisho. Aliuliza swali moja tu, kwa nini sasa, kisha akatusindikiza mpaka getini. Hajapiga simu tangu siku hiyo. Tumemwekea kiti mstari wa pili na sijui kama atakikalia.

Msidhani hofu imekwisha. Mgeni rasmi yule hana cheo tena, lakini simu yake bado hupokelewa kabla haijaita mara ya pili. Leo wajukuu wawili wa Bi Bahasha hawakwenda shule, wako kwa shangazi yao. Nami nina hofu yangu. Mkuu wetu aliidhinisha wasifu mwingine, wa ukurasa mmoja, wenye picha na maneno mchapakazi, mwadilifu, mfano wa kuigwa. Huu mnaousoma naupeleka mtamboni mwenyewe mchana huu, naye ataupata pamoja nanyi. Kila hatua ninayoisikia kwenye ujia naona ni ya mkuu. Bi Bahasha alitaka uchapishwe ili hata kipaza sauti kikizimwa, karatasi ibaki mikononi mwenu.

Kwenye ratiba, saa kumi na nusu, mtaona pameandikwa Neno la Mstaafu. Hatatoa shukrani. Atatoka nyuma ya pazia la kushoto na kadi ya kopo la biskuti, na atasoma jina la mshindi wa mwaka wa kumi na tisa. Mkunga amekaa mstari wa tatu, kiti cha pembeni, akijua amealikwa kukabidhi maua tu. Nimemwomba mlinzi wa mlango asimpe nakala ya jarida hili, ili alisikie kwanza kwa masikio yake. Mlio karibu naye, tafadhali msimnong'oneze. Nawasemea hasa ninyi wa idara ya vipodozi, nawajua. Na mkimwona Bi Bahasha anatokeza, msipige makofi. Mngojeni asome.

Tunakushukuru, Mama, kwa dakika zote ulizozihesabu, kwa wanawake thelathini na watatu uliowaandika kwa wino na mmoja uliyemhifadhi kwenye kopo. Kama hesabu hiyo inawachanganya wenzangu, wakumbuke mwaka wa washindi wawili na mstari wa penseli. Umetufundisha kwamba mtu anaweza kuogopa kila siku na bado akafika kazini mapema. Tunakuombea asubuhi zisizo na bahasha, chakula cha moto pamoja na mumeo, na simu ikilia iwe ni wajukuu wanaotaka kuja kukusumbua.

Nitakuwa kigodani nyuma yako, na nimevaa raba. Miguu yako ikikataa tena, ninyooshee kadi tu, nitatoka mimi. Lakini asubuhi ya leo, ukumbi ukiwa mtupu, nimekupimia jukwaa, na halijabadilika. Hatua ni kumi na moja, Mama. Tatu ulishazipiga. Zimebaki nane.