Majani Manne ya Mti wa Mpira

Hebu jaribu kuiona njia panda ndogo ya mtaani, mjini Daejeon, mwishoni mwa Februari, saa nane mchana. Theluji imebaki vipande vipande kwenye vivuli vya kuta, na imekwisha kuwa nyeusi kama povu la sabuni mikononi mwa fundi magari. Mbele ya duka la Bi Ok-bun kuna benchi la mbao, pana kama kitanda, na jua la saa hiyo hulipiga lote. Hapo wameketi watu wetu watatu, miguu wameikunja, viatu wamevipanga chini, kila mmoja na kikombe chake cha karatasi. Kahawa ni ya pakiti, sukari na maziwa vimo humo humo, nayo hukorogwa kwa pakiti ile ile iliyobaki tupu. Katikati yao leo kuna wa nne. Huyu amevishwa koti la mzee Gwang-su, vifungo vyote vimefungwa hadi juu, na hanywi kahawa.

— Mfungue basi tumwone, — alisema Dal-su.

Dal-su alikuwa fundi funguo maisha yake yote. Siku hizi hutazama video kwenye simu kuanzia asubuhi hadi betri iishe, ndiyo maana wanamwita Profesa.

Gwang-su alifungua kifungo kimoja baada ya kingine, polepole. Aliendesha basi la mjini miaka thelathini na mmoja bila kumgonga hata paka, na jina lake hapo benchini ni Breki. 

Ndani ya koti mlikuwa na mti wa mpira katika chungu cha kahawia. Shina lilisimama imara, ila majani yalikuwa matano tu. Ya chini yalikuwa njano, na yote yalikuwa na kingo kavu za rangi ya majani ya chai.

— Mungu wangu! — Bi Ok-bun aliweka kikombe chini. — Wiki iliyopita si yalikuwa tisa?

— Kumi na moja.

— Na siku ulipouchukua?

— Ishirini na moja, — alisema Gwang-su. Alikuwa anayajua yote, kama mzazi anavyojua meno ya mtoto.

Mti haukuwa wake. Ulikuwa wa Jong-man, fundi viatu, rafiki yake tangu wakiwa na miaka tisa. Siku hamsini na tatu zilizopita Jong-man aliteleza kwenye barafu akavunjika nyonga. Yeye ni mtu wa maneno machache mno, na alipokuwa anapandishwa kwenye gari la wagonjwa alisema mawili tu: "Mti wangu." Gwang-su akamjibu, "Niachie mimi." Mti huo aliununua marehemu mke wa Jong-man mwaka walipofungua kibanda chao. Kila Jumapili mama yule aliufuta jani kwa jani kwa kitambaa chenye unyevu. Alipofariki, Jong-man akaendelea kufuta.

Na kesho saa tano asubuhi Jong-man anatoka hospitali.

— Mimi nilisema tangu mwanzo, — alianza Bi Ok-bun, — mti una njaa. Yale maji ya kuoshea mchele ninayokupa, unaumwagilia?

— Kila siku, Bi Ok-bun. Chupa nzima.

— Chupa moja! Kaka, huo mti ni mkubwa. Maji yakimwagika hayazoleki, kwa hiyo ongeza mengine.

— Methali hiyo haiendi hivyo, — alisema Profesa.

— Inakwenda ninakoipeleka. Ni duka langu.

Profesa aliinamia jani moja akavaa miwani. Aliligeuza chini, juu, kisha chini tena.

— Huu upungufu wa madini ya chuma. Ndiyo maana nilizika funguo.

Gwang-su alishtuka. — Ulizika nini?

— Funguo. Saba tu, zenye kutu. Siku ile nilipokutembelea, ulipokwenda msalani.

— Wee Dal-su! Mti wa watu umeufanya kabati?

— Chuma ni chuma, kaka. Ila naona dawa haijafanya kazi kwa sababu ya ule mnara wa simu uliojengwa mwaka jana. Mawimbi yanapiga majani. Tazama, jani hili limejikunja, linajikinga.

— Kujikunja ni dalili nzuri, — alisema Bi Ok-bun kwa uhakika. — Samaki mkunje angali mbichi. Limejikunja, basi bado ni bichi.

Gwang-su alilitazama lile jani bichi. Lilikuwa kavu kama karatasi ya sanduku.

— Mimi najua kinachoumaliza, — aliendelea Bi Ok-bun, na sasa alishusha sauti. — Huzuni. Mti umemkosa mwenyewe. Majani yanaangukia upande gani nyumbani kwako?

— Upande wa mlango.

— Na hospitali iko wapi?

Wote watatu waligeuza vichwa. Hospitali ilikuwa upande huo kweli, ng'ambo ya mto.

— Haya, — alisema Bi Ok-bun, akakunywa kahawa yake kama hakimu aliyemaliza kesi.

— Basi tumpigie Jong-man aongee nao kwa simu, — alisema Profesa. — Nimeona video, mti unasikia.

— Jong-man aongee? — Gwang-su alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. — Mimi nikimpigia, sijui kama ananisikiliza au simu imekatika.

Walicheka, na wakati wanacheka jani moja la njano liliachia, likaanguka juu ya benchi bila sauti. Kicheko kikaisha hapo hapo.

Yakabaki manne.

Profesa aliongea bila kumtazama mtu.

— Soko la maua liko wazi hadi jioni. Miti ya mpira yote ni mapacha, kaka. Tununue mwingine, tuuweke kwenye chungu hiki hiki. Jong-man katoka kwenye maumivu. Kwa nini tumwongezee?

Bi Ok-bun hakusema kitu. Hilo pekee lilimwonyesha Gwang-su kwamba naye aliwahi kulifikiria.

Gwang-su aligusa shina. Karibu na udongo, gome lilikuwa limemeza fundo la uzi mnene wenye nta, uzi wa kushonea viatu. Mke wa Jong-man aliufunga hapo zamani, mti ulipokuwa mwembamba kama kijiti cha kulia chakula na haujui kusimama.

— Huu uzi nitaununua soko gani? — aliuliza.

 Profesa alivua miwani akaanza kuifuta, ingawa ilikuwa safi.

Wakati huo kigari cha maziwa mgando kikasimama mbele ya benchi. Aliyekisukuma alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kofia ya jua na glavu, mgeni katika njia ile, wiki yake ya kwanza. Alimpa Bi Ok-bun boksi lake la kila Ijumaa, kisha macho yake yakatua kwenye mti uliokuwa umevaa koti.

— Samahanini wazee wangu. Unaumwa?

— Una njaa, — alisema Bi Ok-bun.

— Mnara, — alisema Profesa.

Mwanamke alivitazama vikombe, akayatazama majani, kisha akauliza kwa upole:

— Udongo wake ukoje?

 Bi Ok-bun alimtazama Profesa, Profesa akamtazama Gwang-su.  Siku hamsini na tatu Gwang-su alikuwa ameyahesabu majani, ameyafuta, ameyaombea. Udongo alikuwa hajaugusa hata siku moja.

— Ingiza kidole, baba, — alisema mwanamke. — Hadi kiungo cha pili.

Gwang-su aliingiza. Kidole kilizama kama kwenye uji. Alipokitoa kilinuka mchele uliochacha, na ncha ya ukucha ilikuwa imegonga chuma.

— Ufunguo, — alisema Profesa kwa sauti ndogo.

— Umelowa sana, — alisema Gwang-su. — Na una joto.

Mwanamke alivua glavu akashika chungu kwa chini. Nyusi zake zilipanda.

— Kinakaa wapi nyumbani?

Hapo Gwang-su aliinua kichwa. Swali hilo angalau alilijibu bila aibu.

— Mahali pa joto. Pale sakafuni mabomba ya maji moto ya kupashia nyumba yanapoanzia, pale tunapomkalisha mgeni na mzee. Nimeuweka hapo tangu siku ya kwanza. Mimi mwenyewe nimelala karibu na mlango msimu mzima, magoti yakaniuma, lakini ni mti wa rafiki yangu. Ningeuweka wapi pengine?

Mwanamke hakucheka. Alikaa ukingoni mwa benchi, akakunja mikono mapajani.

— Baba, tuseme mgeni wako anakalishwa pale. Sakafu moto. Miguuni umemvisha soksi zilizolowa, na kila siku unazilowesha tena. Hawezi kunyanyuka. Usiku na mchana. Miguu yake itakuwaje?

Gwang-su aliugeukia mti.

— Nimeupika, — alisema.

— Umeuheshimu, — alisema mwanamke. — Ila mti hukaa kwa miguu yake, nao hauwezi kujisogeza. Majani yanatuonyesha tu kwamba kuna maumivu. Yanaanzia huku chini. Nilifanya kazi kwenye mabanda ya miche misimu saba, na nimeona watu wengi wakifuta majani wakati mizizi inaoza.

— Umekufa? — aliuliza Bi Ok-bun. Sauti yake ya dukani ilikuwa imekwenda zake.

Mwanamke alikwaruza gome la shina kidogo kwa ukucha. Chini ya gome palikuwa kijani kibichi, na tone la utomvu mweupe likatokeza, zito kama maziwa.

— Bado upo.

Wakaanza kazi pale pale. Bi Ok-bun alileta magazeti na mkasi wa dukani, akaufuta mkasi kwa pombe kali. Profesa alishika shina, Gwang-su akavuta chungu. Mizizi ilitoka pamoja na harufu yake na funguo saba.

— Mweusi na laini, kata, — alisema mwanamke. — Mweupe na mgumu, acha.

Gwang-su alikata. Kila alipokata alisema chini chini, "Samahani," na Profesa, ambaye siku nyingine angemtania wiki nzima, aliendelea kushika shina tu. Mizizi mizuri iliyobaki ilijaa kiganja kimoja. Wakaipanda kwenye chungu kidogo cha udongo wa mfinyanzi alichokitoa Bi Ok-bun dukani, chenye tundu chini, kwa udongo mkavu waliouchanganya na changarawe nyingi.

— Uweke karibu na dirisha, juu ya kigoda, usiguse sakafu. Usiumwagilie leo, wala wiki hii. Baadaye, udongo ukikauka hadi kiungo cha pili, upe maji. Maji matupu, mama, — aliongeza, akimgeukia Bi Ok-bun.

— Na maji ya mchele?

— Kunyweni supu.

— Utapona? — aliuliza Gwang-su.

Mwanamke alivaa glavu zake taratibu.

— Sijui, baba. Mizizi ni michache. Lakini sasa hakuna anayeiunguza.

Akasukuma kigari chake kwenda zake.

Kesho yake, saa tano na robo, teksi ilisimama penye njia panda. Jong-man alitoka na fimbo, amekonda, kofia imemzidi kichwa. Gwang-su alikuwa ameandaa hotuba tangu alfajiri. Alipomwona rafiki yake, hotuba yote ilimtoka, yakabaki maneno machache, kama ya Jong-man mwenyewe.

— Nimeuunguza, mwenzangu. Nilikuwa nautafutia heshima.

Akamwonyesha mti, ndani ya chungu chake kidogo, kwenye jua la benchi.

Jong-man aliketi kwa shida. Kwanza alitafuta fundo la uzi kwa kidole gumba, akalipata, akakaa nalo. Kisha akayatazama majani moja baada ya jingine. Bi Ok-bun alishindwa kuangalia, akaingia dukani kupasha maji. Profesa alikuwa anazihesabu funguo zake mfukoni kwa vidole.

— Mangapi? — aliuliza Jong-man.

— Manne.

Jong-man alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

— Alipouleta nyumbani yalikuwa matatu, — alisema.

Kwa Jong-man hiyo ilikuwa hotuba. Gwang-su alifuta pua kwa mkono wa koti.

Bi Ok-bun alitoka na kikombe kimoja tu. Boksi la kahawa lilikuwa limeisha, ilibaki pakiti moja, na hakuna aliyeuliza ni ya nani. Jong-man aliikoroga kwa pakiti tupu, raundi tatu, akapuliza.

— Na usiku utalala wapi? — aliuliza, akiuonyesha mti kwa kidevu.

— Dirishani, juu ya kigoda.

— Mimi je?

Daktari alikuwa amesema Jong-man asikae peke yake kwa mwezi mmoja, na hilo lilikwisha kupangwa: angekaa kwa Gwang-su.

— Pale penye joto, — alisema Gwang-su. — Pamebaki wazi. Nimeshatandika.

Jong-man akanywa kahawa yake. Nyuma yake jua lilisogea kidogo, likaupata mti wote, majani manne na uzi.

Nawe ndugu yangu unayenisikiliza, huenda una mti kwenye pembe ya nyumba yako, na siku moja utaona jani limeanza kuwa njano. Najua utashtuka, na mkono wako utakwenda kwenye jagi la maji, kwa sababu unaupenda. Nakuomba ukumbuke jambo moja tu: kabla hujanyanyua jagi, ingiza kidole udongoni.