Kipimajoto cha Fundi Wasaya

Fundi Allah Wasaya anastaafu Alhamisi hii, tarehe 31 Julai, baada ya miaka ishirini na saba katika kampuni yetu hapa Multan. Kumi na sita kati ya hiyo nimekaa mimi kwenye simu ya ofisi, na simu hiyo imelia zaidi kwa sababu yake kuliko kwa sababu ya mafundi wengine wote wakijumlishwa. Bosi wetu, Malik Ejaz, ameniomba niandike wasifu huu kwa upole. Nimejaribu.

Alianza na zile betri nzito za kuongezwa maji kila mwezi, akiziunganisha na feni mbili na taa moja. Sola ilipoingia mjini, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupanda juu ya mapaa. Kisha wateja wakagundua jambo ambalo hakuna aliyewaambia siku ya kununua: mgao wa umeme ukianza, sola isiyo na betri nayo huzimika. Jua linawaka utosini, paneli kumi na mbili ziko juu ya paa, na ndani hata taa ya choo haiwaki. Wakaanza kurudi kwetu wakitaka waongezewe betri, na hapo ndipo nyota ya Fundi Wasaya ilipong'aa na maisha yangu yakaharibika.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Betri moja haibebi nyumba nzima, kwa hiyo fundi hufunga sanduku dogo la swichi kando ya lile kubwa na kuhamishia humo laini chache zilizochaguliwa. Laini iliyoachwa huzimika pale pale umeme ukikatika. Maana yake, katika kila nyumba lazima mtu aamue nani atapata upepo na nani atabaki kwenye joto. Mafundi wengine humuuliza mwenye nyumba, huandika anachosema, na kufikia alasiri wamemaliza. Fundi Wasaya yeye huisoma orodha yote, hurudisha penseli sikioni, kisha huuliza: "Na jikoni?"

Majibu hayajawahi kubadilika. Kwanza mwenye nyumba husema feni itazima moto wa jiko. Fundi humweleza kwamba kuna feni ndogo ya ukutani ya kutoa joto nje, inayokula umeme mdogo kuliko televisheni. Ndipo linakuja jibu la pili: "Lakini mama watoto hajawahi kulalamika."

"Ulimuuliza ukiwa upande gani wa mlango?"

Hapo hutoa mfukoni kipimajoto cha kioo kilichofungwa kwenye leso. Huomba wanawake watoke wakapumzike, kisha mwenye nyumba aingie peke yake, jiko likiwa linawaka na mlango umefungwa, akae dakika kumi na kurudi na namba. Fundi mwenyewe hakanyagi humo. Yeye ni mtu wa adabu, na jikoni kwa watu si mahali pa mwanamume mgeni. Hukaa sebuleni na chai yake, na mimi nabaki na simu.

Sitamsahau Kanali Sarfraz, mstaafu wa jeshi. Orodha yake ilikuwa chumba chake, sebule ya wageni, televisheni na tangi la samaki. Ilikuwa Juni, saa saba mchana. Alinipigia akihema.

"Wewe binti, huyu mtu wenu amenifungia jikoni!"

"Pole, Kanali. Mlango una kufuli?"

"Hauna."

"Basi mbona hutoki?"

Akashusha sauti. "Bado dakika nne."

Alitoka na nyuzi arobaini na tisa, masharubu yakimchuruzika, akaamuru samaki wasubiri na jiko liwekwe kwenye orodha. Lakini si kila mteja ni kanali. Watatu walivunja mkataba papo hapo, na mfanyabiashara mmoja wa saruji alihamia kwa washindani wetu na shemeji zake wote. Kazi ya siku moja ilichukua mbili, na ya mbili ilichukua wiki. Barua za onyo niliziandika mimi. Moja ilirudi na mchoro wa laini za umeme nyuma yake, mzuri sana, wa nyumba ambayo hatukuwa tumeianza bado.

Fomu za kazi hakuwahi kujaza hata moja. Orodha zake aliandika kwa penseli ukutani kando ya sanduku, na mteja akipaka rangi, kumbukumbu za kampuni zinakwenda na rangi. Nilipiga kelele hadi nikachoka. Haki yake nimpe pia: hakuna betri aliyoifunga iliyowahi kutoa moshi. Waliombembeleza aunge betri mpya na ile ya zamani kwa kuwa "bado ina uhai kidogo" aliwakatalia, hata walipokuwa ndugu wa bosi. Amefunga betri katika nyumba zaidi ya mia nne, na kila moja ina feni jikoni.

Alhamisi iliyopita bosi na mimi tulimpelekea zawadi ya kustaafu, betri mpya na inveta yake. Ndiyo, kwake hakukuwa na betri. Paneli zipo miaka sita, lakini kila tulipomuuliza alisema wateja kwanza. Tulikuta orodha imeshaandikwa ukutani: chumba chake, chumba cha mwanawe Farrukh na mkewe, sebule, friji, pampu ya maji. Niliisoma mara mbili.

"Fundi," nikasema, "na jikoni?"

Alijikuna sikio lenye penseli. "Jikoni kwetu kuna dirisha, binti. Na Mama Farrukh hajawahi kulalamika."

Nilikasirika, sitaficha. Miaka kumi na sita ya kutukanwa kwenye simu kwa ajili ya majiko ya watu, halafu hili! Nikaingia jikoni. Mgao ulikuwa umeanza. Mama Farrukh alikuwa anatupikia chapati, mtandio umelowa mpaka mgongoni. Nikamuuliza kama ni kweli hajawahi kulalamika.

"Nililalamika miaka ya mwanzo, mwanangu," akasema, akigeuza chapati. "Kisha akapata kazi ya betri. Nikajua siku yangu itafika."

Nilitoka, nikamnyooshea Fundi mkono wazi. Alijua ninachotaka. Alifungua leso, akakitazama kipimajoto, akamtazama bosi, ambaye ghafla alikuwa na shughuli kubwa na nati za inveta. Akaingia. Mama Farrukh alitoka, akaketi kwenye kiti cha mumewe, akaomba maji.

Dakika kumi zikapita. Hatukumwita. Ilipofika ya kumi na tano mlango ukafunguliwa, akatoka kanzu imemganda mwilini. Namba hakuitaja, na hakuna aliyemuuliza. Alichovya kidole kwenye glasi ya maji ya mkewe, akafuta mstari wa kwanza ukutani, ule wa chumba chake, na mahali pake akaandika: Jiko. Kisha akasimama akiutazama ukuta.

"Nyumba mia nne," akasema.

"Na chapati umeziunguza," akasema Mama Farrukh.

Feni ya jikoni aliifunga mwenyewe, hakuruhusu mtu amshikie hata ngazi. Ilikuwa kazi yake ya mwisho katika kampuni hii, na ndiyo pekee ambayo sikupigiwa simu kwa ajili yake. Fomu yake, naomba iandikwe katika historia, aliijaza yote.

Fundi Wasaya, ofisi inakushukuru kwa kutuchosha kwa sababu nzuri. Mapumziko yako yawe marefu, mgao uwe mfupi, na uzee wako uwe na upepo. Chumba chako tutakiunganisha tukikuletea betri ya pili, na bosi amesema tusimharakishe. Kipimajoto usikitafute mifukoni. Tumemwachia Mama Farrukh, naye amekitundika jikoni, usawa wa macho yako.

Rubab Zehra, simu na mapokezi